Tru-Oil na rangi ya spiriti juu ya kitako cha bunduki: maoni ya seremala

Kazi yangu ni makabati, vitanda na milango. Bunduki sikuwahi kuigusa, na hata baada ya kazi hii bado sijaigusa. Mzee aliyenipa kazi alifungua mbao mwenyewe, akaufungia mtutu na mitambo kwenye sanduku lake la chuma, kisha akaniletea kitako kitupu kimeviringishwa kwenye blanketi. "Fundi," akaniambia, "chuma hakitoki kwangu. Mbao nakuachia." Nilimshukuru. Seremala anahitaji mbao tu, na anayepaswa kuifungua bunduki ni mwenye kibali chake, baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba haina risasi.

Ninaposema kitako nazungumzia mbao yote: sehemu inayokaa begani, shingo inayoshikwa na mkono wa kifyatulio, hadi ule mkono wa mbele unaolala chini ya mtutu. Hiki kilikuwa kipande kimoja cha mjozi, yaani mti wa jozi (walnut).

Mwenye haraka achukue hukumu yangu hapa hapa. Mafuta ya Tru-Oil, yanayotengenezwa na Birchwood Casey, nayapa nyota tano. Rangi ya spiriti nyota nne, maana ni nzuri ukijua pa kuiweka. Rangi nyingine niliyoanza nayo, ile nzito ya kopo, siitaji jina kwa sababu kosa lilikuwa langu la kuichagua, lakini juu ya mbao nzuri sitaiweka tena.

Kitako kilinifikia kikiwa na vanishi nene ya zamani iliyopasuka kama tope la bwawa lililokauka. Shingoni, jasho na mafuta ya mikono yalikuwa yamejenga utando mweusi. Nyuma ya mahali chuma kinapokaa, mafuta ya kusafishia bunduki yalikuwa yamenywewa na mbao miaka na miaka, kukawa na doa jeusi la upana wa viganja viwili vya mtoto. Chini ya tumbo la kitako ulipita mstari mweupe wa mti wa nje, ule ulio karibu na gome, ukitofautiana kabisa na moyo wa mti uliokuwa wa kahawia. Na kulikuwa na mabonyeo, moja kubwa upande wa kulia.

Kishawishi cha kwanza ni kuchukua msasa na kuanza kukwangua vanishi. Usifanye hivyo. Msasa hauchagui: ukishamaliza vanishi mahali pamoja umekwisha kula mbao mahali pengine, kingo zinakuwa mviringo, na chuma kikirudishwa kinasimama juu ya mbao badala ya kukaa sawa nayo. Kabati ukilipunguza milimita moja hakuna atakayejua. Kitako kimechongwa kufuata chuma, milimita hiyo inaonekana. Nilitumia dawa ya kubandua vanishi, mara mbili, nikikwangua kwa kipande cha mti chenye ncha butu, nje, penye upepo, nikiwa na glavu. Kwenye zile chale za kushikia, zilizokatwa msalaba kama vijialmasi shingoni na mbele, nilisugua taratibu kwa mswaki nikifuata njia ya chale. Msasa haukuzigusa kabisa. Nilizifunika kwa tepu ya karatasi mpaka mwisho wa kazi ya msasa.

Doa la mafuta lilinipa siku tatu. Njia iliyofanikiwa ni unga wa chaki uliokorogwa na asetoni ukawa kama uji mzito. Unaupaka juu ya doa, asetoni inapopuruka inayavuta mafuta juu, na chaki inayanywa. Unga unageuka kahawia, unaupangusa, unarudia. Mara ya kwanza niliona ulivyobadilika rangi nikamwita kijana wangu aje atazame. Mara ya sita ulibaki karibu mweupe. Doa halikutoweka lote, ila mafuta yaliyobaki yalikuwa machache kiasi kwamba hayakuzuia kazi ya juu kukauka, na hilo ndilo nililolitaka. Asetoni inashika moto haraka mno, kwa hiyo pasiwe na jiko wala sigara karibu.

Mabonyeo yalinifurahisha zaidi ya yote. Mbao iliyobonyea haijapotea, nyuzi zake zimebanwa tu. Kitambaa cha pamba kilicholowa maji kikiwekwa juu ya bonyeo na kuguswa kwa ncha ya pasi ya moto, mvuke unaingia kwenye nyuzi nazo zinavimba na kurudi. Bonyeo kubwa lilirudi karibu lote kwa miguso minane hivi. Mahali nyuzi zilipokatwa kabisa, mvuke hausaidii. Mkwaruzo mmoja karibu na pale shavu linapokaa, mzee aliniomba niuache. Hakusema sababu na mimi sikumuuliza.

Baada ya hapo ndipo msasa ulipoingia: namba 150 sehemu chache tu, kisha 220, kisha 320, umefungwa kwenye kipande cha mbao bapa kwenye sehemu zilizonyooka. Bamba la plastiki la mwisho wa kitako, linalokutana na bega, nililiacha limefungwa kwa skrubu zake nikalifunika kwa tepu, ili nisije nikapunguza mbao ikawa ndogo kuliko bamba. Kati ya msasa na msasa nilipitisha kitambaa chenye unyevu. Maji yanasimamisha vinyweleo vya mbao, ukipapasa unahisi kama ndevu za siku mbili. Acha vikauke, vikate kwa msasa, rudia. Nilifanya mara tatu. Asiyefanya hivi atakuta vinyweleo vimesimama chini ya rangi yake, na hapo hakuna pa kurudi.

Sasa rangi, ambako niliharibu kazi ya siku mbili.

Nilichukua kopo la rangi ya mafuta ninalolitumia kwenye samani, kahawia iliyokolea, nikapaka kitako chote. Nilidhani mjozi ukivaa kahawia utapendeza zaidi. Nilipopangusa ziada, mbao ilikuwa imezimika. Ile mistari ya moyo wa mti, iliyokuwa ikipinda kama moshi, ilifunikwa. Na pale nyuzi zinapokatika kichwa, yaani kwenye mpindo wa chini ya shingo na kwenye ncha ya mkono wa mbele, kukawa kweusi kabisa, maana vichwa vya nyuzi ni kama midomo ya mirija, vinakunywa rangi kuliko ubavu wa mbao.

Sababu yake naijua vizuri zaidi sasa kuliko wakati ule. Rangi za namna hii zina unga wa rangi ulioelea ndani ya mafuta. Unga huo hauingii ndani ya nyuzi, unakaa kwenye vitundu na mikwaruzo, kisha unafunika. Kwenye mbao rahisi, isiyo na sura, hilo linasaidia, unaipa sura isiyokuwa nayo. Kwenye mjozi unaizika sura iliyopo. Rangi ya spiriti ni kitu kingine: ni rangi iliyoyeyuka kama chumvi kwenye maji, inaingia ndani ya nyuzi na mwanga bado unapita. Mistari inabaki.

Niliiondoa ile ya kwanza kwa thina, sufu ya chuma na subira, nikarudi tena kwenye namba 220 na 320. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa: nililowanisha kitambaa kwa spiriti nikakipitisha kwenye kitako kizima. Kwa sekunde kadhaa, kabla haijapuruka, mbao inakuonyesha itakavyokuwa chini ya mafuta. Moyo wa mti ulitoka kahawia yenye wekundu kwa mbali, na mistari myeusi ikaamka. Haukuhitaji rangi yoyote. Kilichohitaji rangi ni ule mstari mweupe wa tumboni peke yake.

Basi rangi ya spiriti niliiweka hapo tu. Niliizimua kwa spiriti mpaka ikawa nyepesi kama chai ya mgonjwa, nikapaka kwa brashi ndogo mara tano badala ya mara moja, nikisogeza ukingo wake taratibu kuelekea kwenye moyo wa mti ili pasionekane mpaka. Ubaya wa rangi hii ni kwamba inakauka upesi mno. Ukisita katikati ya mstari, pale ulipositia patabaki alama. Kwa sababu hiyo nimeinyima nyota moja. Uzuri wake ni kwamba ukizidisha unaweza kupangusa kwa kitambaa chenye spiriti tupu ukapunguza, na siku ya pili ni kavu tayari kwa mafuta. Mzee alipokuja kuchungulia, alitafuta mstari mweupe asiuone, akakigeuza kitako mara mbili. "Mwanangu, umekata kipande ukaweka kingine?" Nilimwonyesha brashi.

Hapo nikafungua chupa ya mafuta. Ni chupa ndogo, ya takriban mililita 90. Ukiiona unaweza kudhani haitatosha, nami nilitumia chini ya nusu kwa kitako kizima. Ndani mna mafuta ya kitani yaliyochanganywa na mafuta mengine ya asili na kupikwa hadi yakawa mazito. Rangi yake ni ya asali.

Namna ya kupaka ndiyo kazi yenyewe. Matone matatu au manne kwenye vidole, kisha unasugua sehemu ndogo mpaka kiganja kinahisi joto na mafuta yanaanza kukaza. Unasogea sehemu nyingine. Mkono mmoja wa mafuta, yaani upakaji mmoja wa kitako kizima, ukiisha, kitako kinapaswa kuonekana kama kimepakwa pumzi tu. Mkono wa kwanza mbao iliunywa wote, hata usijue kama umepaka. Mkono wa pili na wa tatu niliupaka pamoja na msasa namba 400 uliolowa mafuta hayo hayo: vumbi la mbao linachanganyika na mafuta likawa tope laini, na tope hilo linaziba vitundu vya mjozi. Unaliacha likauke juu, kesho yake unalipunguza kwa msasa mpaka ufikie mbao. Ziba ya namna hii inakuwa na rangi ya mbao yenyewe, maana ni mbao yenyewe.

Maelekezo yanaruhusu kupaka tena baada ya saa chache. Mimi nilisubiri usiku mzima kila mara, na kila asubuhi nilipitisha sufu ya chuma laini kabisa, ile ya alama 0000, kisha nikapangusa vumbi. Mikono tisa kwa jumla. Mkono wa nne nilikuwa na haraka, nikapaka mzito. Asubuhi shingoni palikuwa na ngozi juu na unyevu chini, kidole kinanata. Mafuta haya hayakauki kama maji yanavyokauka. Yanakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani na kugeuka kitu kigumu, hivyo tabaka nene hujifunga juu na kuizuia hewa kufika chini. Niliyakwangua yote ya shingoni, nikaanza upya hapo. Mikono mitatu myembamba inakauka mapema kuliko mmoja mnene, hilo nimeliona kwa mkono wangu.

Kwa nini nisingetumia mafuta ya kitani ya kawaida, ambayo nimeyazoea na yanapatikana kirahisi? Nimeyatumia kwenye mipini ya majembe na nyundo, na yanapendeza. Yale mabichi yanaweza kuchukua siku nyingi sana kabla hayajakauka. Yale yanayoitwa yaliyochemshwa, mengi ya siku hizi hayajachemshwa, yametiwa chumvi za metali ili yakauke haraka. Yote mawili yanabaki laini kuliko haya, yanazidi kuwa meusi kadiri miaka inavyopita, hayazuii maji vizuri, na penye unyevunyevu ukungu unaweza kuota juu yake. Wapo wazee wa kazi wanaoyapaka kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja, kisha kila mwaka maisha yote. Mwenye moyo huo atapata kitako kizuri sana, na simzuii. Mafuta ya tung, yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu za mti wa Uchina, yanazuia maji vizuri kuliko kitani, ila yakiwa safi yasiyochanganywa yanakauka taratibu na yanataka mikono mingi. Mzee alitaka bunduki yake ndani ya mwezi mmoja.

Na vanishi? Ngumu, inang'aa, inazuia maji. Lakini ndiyo niliyoibandua siku tatu. Ikipasuka mahali pamoja inakulazimu kuiondoa yote, na mkononi inashika kama kioo chenye jasho.

Chale za kushikia zilipata mikono miwili tu, kwa mswaki mkavu ulioguswa mafuta kidogo. Ukizijaza zinakuwa bapa na mkono hauna pa kushika. Ndani ya mfereji wa mtutu na mahali chuma kinapokaa nilipaka mikono miwili myembamba ili unyevu usiingie kwa mlango wa nyuma, bila kujenga tabaka, maana tabaka hapo linabadilisha namna chuma kinavyolala na mzee angeona tofauti siku ya kulenga shabaha. Mwishoni nilifungua lile bamba la nyuma. Chini yake mbao ilikuwa tupu, haijawahi kuguswa na chochote tangu kiwandani, vichwa vya nyuzi wazi kabisa. Hapo nilipaka mpaka mbao ikakataa kunywa.

Jambo moja linanilazimu nisimame, na naomba asomaye asiliruke. Vitambaa. Ule uvutaji wa oksijeni nilioutaja unatoa joto. Kwenye kitako joto hilo linapotea hewani. Kwenye kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa kwenye ndoo ya takataka pamoja na vingine, halina pa kwenda, linapanda, na kitambaa kinawaka chenyewe bila kiberiti. Hili si hadithi ya mafundi. Mwezi Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza la ghorofa 38 mjini Philadelphia, Marekani, liliungua usiku baada ya vitambaa vyenye mafuta ya kitani, vilivyoachwa na mafundi ghorofa ya 22, kujiwasha. Wazima moto watatu walipoteza maisha. Mimi kila kitambaa nilikitandaza kimoja kimoja juu ya waya nje mpaka kikawa kigumu kama ganda, na vile vidogo nilivizamisha kwenye mkebe wa chuma wenye maji. Kijana wangu alitupa kimoja kwenye randa za mbao. Nilikitoa mwenyewe, nikamkalisha chini tukazungumza, wala sikumpigia kelele, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Malalamiko yangu kuhusu mafuta ni mawili, yote madogo. La kwanza ni mng'ao: ukiyaacha yalivyo, yanang'aa kuliko nipendavyo kwenye kifaa cha kuingia nacho porini. Nilisubiri wiki mbili baada ya mkono wa mwisho, nikapitisha sufu ya 0000 pamoja na nta kidogo, mng'ao ukatulia ukawa kama wa kokwa lililoshikwashikwa. La pili ni kwamba chupa ikishafunguliwa, hewa inayoingia inaanza kuunda ngozi juu ya mafuta. Mimina kiasi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, funga chupa papo hapo, na uihifadhi imepinduliwa kichwa chini, ili ngozi ikiundika iwe upande wa tako la chupa. Yangu bado ina mafuta maji.

Mzee alirudi na sanduku lake, akafunga chuma mbele yangu. Skrubu mbili za chini ziliingia bila kulazimishwa na ukingo wa mbao ukakutana na chuma kama zamani. Alipitisha kidole gumba kwenye ule mkwaruzo wa shavuni, akatikisa kichwa kuonyesha ameuona, akaiviringisha kwenye blanketi.

Miezi kadhaa baadaye alikuja na kitako tena. Alikuwa amenyeshewa na mvua siku nzima, na juu ya mkono wa mbele palikuwa na alama nyeupe ya maji pamoja na mkwaruzo wa mwiba wenye urefu wa kidole. Nilipitisha sufu hapo tu, tone moja la mafuta kwenye kidole, nikasugua mpaka pakapata joto. Tulikunywa chai, nikatia tone la pili, akaniachia hadi kesho yake. Alipokuja kukichukua nilikitafuta kile kidonda ili nimwonyeshe, nikakigeuza kitako kwenye mwanga wa dirisha, na ilibidi yeye ndiye anielekeze kilikuwa wapi.